Mbwa mwitu aliyeenda kuomba sukari kwa jirani: hadithi za kale zilizopinduliwa, nimewasomea watoto na haya ndo maoni yangu

Kitabu kinaitwa The True Story of the 3 Little Pigs!, kaandika Jon Scieszka, michoro ya Lane Smith, kimetoka Marekani mwaka 1989. Nakwambia mapema kabisa kabla hujasoma mengine: kinunue, ila usimsomee mtoto kabla hujamsimulia ile hadithi ya zamani ya nguruwe watatu, ile ya mbwa mwitu anayepuliza nyumba zao zianguke awale. Ukiruka hiyo hatua utakuja kusema kitabu hakichekeshi na utakuwa umekionea. Mi yamenikuta nyumbani kwangu kabisa, sebuleni, watoto wawili wamekaa mkeka mmoja, mmoja anacheka mpaka anajishika tumbo na mwenzie ananiangalia tu.

Hadithi yenyewe ni ya mbwa mwitu anayejieleza. Yuko jela, anaitwa Alexander T. Wolf, na anasema watu wote wamesikia upande wa nguruwe tu, wake hakuna aliyeuliza. Siku ile alikuwa anampikia bibi yake keki ya birthday, ana mafua makali, sukari ikamuishia. Akachukua kikombe akaenda kuomba kwa jirani. Jirani wa kwanza ni nguruwe kajenga nyumba ya nyasi (mbwa mwitu anashangaa mtu mwenye akili anajengaje nyumba ya nyasi), anagonga hodi kimya, pua inamuwasha, chafya hiyooo, nyumba chini, na nguruwe kalala katikati ya nyasi kafa. Sasa yeye anasema, chakula kimelala pale, kuacha kiharibike ingekuwa vibaya, akala. Kikombe bado kitupu, akaenda kwa jirani wa pili mwenye nyumba ya fito, chafya tena, yaleyale. Wa tatu ana nyumba ya matofali, na huyu hakutoa sukari, alimfukuza na akamtukania bibi yake. Hapo ndo mbwa mwitu akapandwa na hasira kweli, anapiga mlango huku anapiga chafya, polisi wakamkuta katika hali hiyo, na waandishi wa habari wakaona mgonjwa wa mafua anayeomba sukari sio habari ya kuuza gazeti, wakaongeza chumvi, ndo tukapata yule mbwa mwitu mbaya anayepuliza nyumba za watu. Yeye anasema alisingiziwa.

Hiyo ya kuomba sukari kwa jirani ndo iliyoniteka mimi. Huyu mwandishi ni mtu wa Marekani, amezaliwa Flint, Michigan, akafundisha shule ya msingi New York miaka mingi, lakini hicho kikombe cha sukari ni chetu kabisa. Nani hajawahi kutumwa na kikombe akiwa mtoto, "nenda kwa mama fulani mwambie mama anaomba sukari kidogo". Binti yangu ana miaka saba na swali lake la kwanza lilikuwa "mama, mbona hakwenda kwa Mangi akanunua robo?" Nikamwambia labda Mangi alikuwa kafunga. Akakubali, tukaendelea, lakini toka hapo kila nyumba tuliyofika ananikumbusha kwamba Mangi angekuwa kafungua haya yote yasingetokea. Naona mtoto akianza kumtafutia mtuhumiwa njia nyingine ujue kitabu kimemuingia.

Sasa yule wa pili. Ni mtoto wa kaka yangu, ana miaka tisa, anasoma shule ya serikali Korogwe, alikuja kwetu Dar likizo. Mi nasoma Kiingereza kimya nasema Kiswahili kwa sauti, nimezoea hivyo maana nataka wote waelewe. Binti yangu anasoma shule ya Kiingereza, nguruwe watatu kawasikia tangu chekechea, wimbo na picha za kupaka rangi, kwa hiyo kila mbwa mwitu akijitetea yeye anacheka kwa sababu anajua ile stori nyingine. Kijana wa watu hana stori nyingine. Nimefika katikati akanisimamisha, "Shangazi, sasa huyu anasingiziwa nini? Si kawala kweli?" Na ana haki! Kwake ile ndo mara ya kwanza anakutana na hao nguruwe, yaani anasikiliza utetezi wa kesi ambayo hajawahi kusomewa mashtaka.

Nikafunga kitabu. Nikasema hadithi hadithi, wakajibu hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea, nikawapa ya zamani yote, bila picha, nyasi, fito, matofali, na kwenye kupuliza tukapuliza wote mpaka pazia likatikisika. Alafu tukalala. Kesho yake jioni nikafungua tena kitabu kilekile, peji ya kwanza, na jamani yule mtoto alicheka kuliko mwenye nyumba. Ilipofika chafya ya pili yeye kashaanza kuisubiri, anaona pua ya mbwa mwitu kwenye mchoro inaanza kujikunja anasema "haya inakuja, inakuja". Kitabu ni kilekile na msomaji ni mimi yuleyule, tofauti ni kwamba sasa ana kitu cha kulinganisha.

Na hapa nina ushauri mmoja ambao sijaona mtu akiusema. Angalia ni nguruwe watatu gani unamsimulia. Ile iliyochapwa Uingereza kwenye mkusanyiko wa Joseph Jacobs mwaka 1890, nguruwe wawili wa kwanza wanaliwa, wameisha, na mwisho mbwa mwitu anashukia kwenye bomba la moshi anatumbukia kwenye sufuria ya maji yanayochemka na nguruwe wa tatu anamla yeye. Kwenye katuni ya Walt Disney ya 1933 hakuna anayeliwa, wale wawili wanakimbilia nyumba ya matofali, wote wazima. Watoto wengi wa mjini wanajua hii laini. Ukimsomea mtoto anayejua hii laini atakuuliza mbwa mwitu kafungwa kwa kosa gani kama nguruwe wapo, maana utetezi wote wa mbwa mwitu unahusu wale wawili aliowala. Kwa hiyo simulia ile kali, ya kuliwa. Watoto hawaogopi kama tunavyodhani, wangu walichoona kibaya zaidi ni matusi kwa bibi.

Kuna sehemu moja mchoraji kafanya kitu ambacho kwa mtoto wa Kiswahili kina uzito wake. Peji ile ya keki, angalia bakuli la unga, kuna masikio ya sungura yamechomoza. Hayatajwi kwenye maandishi hata kidogo, yapo tu pale. Nadhani kwa mtoto wa kule ni kichekesho kidogo cha pembeni, lakini kwa hawa wangu ilikuwa balaa, maana sungura kwetu ndo mjanja mwenyewe, ndo anayewashinda fisi, simba na tembo, leo umuone kwenye bakuli la keki! Kijana wa Korogwe alikataa katakata, akasema huyo sio Sungura, Sungura hawezi kukamatwa kizembe hivo, huyo atakuwa sungura mwingine tu. Binti akasema labda amejificha humo anasikiliza. Wakabishana karibu dakika kumi na mi nikawaachia, sijawahi kupata kitabu cha watoto kikaleta mjadala wa namna ile.

Kuhusu michoro kwa ujumla, mi naipenda lakini sio kila mtoto ataipenda. Lane Smith anatumia rangi za kahawia, kijivu, kama karatasi ya zamani, mbwa mwitu kavaa vimiwani vya duara na tai ya kipepeo, anaonekana kama karani mstaarabu. Kava limetengenezwa kama ukurasa wa mbele wa gazeti. Mtoto mdogo wa miaka mitatu minne anayetaka nyekundu na njano zinazowaka hatavutiwa, na sio kitabu chake kwa kweli, ningesema kuanzia miaka sita. Lakini kuna vitu vya kutafuta kila peji, na ukifika kwa polisi mwambie mtoto aangalie vizuri: polisi ni nguruwe, waandishi ni nguruwe. Binti yangu aligundua mwenyewe akasema "mama, wote ni ndugu zake!" Hapo ndo kesi ilipofunguka upya nyumbani, kama waliokukamata na walioandika habari yako wote ni wa upande mmoja, je ulipata haki? Na bado kijana akasimama na hoja yake: kala au hakula? Kala. Basi. Tulipiga kura, ikawa sare, kura moja kila upande, mimi nikakataa kupiga, mpaka leo haijaamuliwa.

Lugha kwa mnaotaka mtoto asome mwenyewe: sentensi ni fupi na mbwa mwitu anaongea kama mtu wa mtaani, kwa hiyo mtoto wa darasa la tatu la shule ya Kiingereza atapita bila shida, ila kuna misemo ya Kiingereza ambayo hataijua na usitegemee ataiuliza, atairuka. Kukitafsiri papo hapo kuna sehemu mbili ngumu. Ya kwanza ni jina la mnyama. Yule wa Ulaya hatuna sisi, tunasema mbwa mwitu lakini kwa aliyeona mbwa mwitu wetu, wale wenye mabaka wanaowinda kundi kundi kule mbuga ya Nyerere, picha inakuwa nyingine. Nilijaribu kumgeuza fisi nikaona haiendi, fisi ana historia yake, ukimtaja tu watoto washamhukumu. Nikabaki na mbwa mwitu. Ya pili ni kile kiapo cha nguruwe cha nywele za kidevuni, anachomjibu nacho mbwa mwitu akigonga mlango, kwa Kiingereza kina mdundo wa kuchezea, nikakitafsiri neno kwa neno kikafa, mwisho nikasema "hata unywele wangu mmoja wa kidevu hautakufungulia" na wakakishika hicho, saivi nikimwambia binti afungue mlango wa chumba chake najibiwa hivyo.

Wazazi Waislamu mtanisamehe nikilisema wazi maana jirani yangu aliniuliza: ndio, ni nguruwe mwanzo mwisho, na mlaji anawasifia kama mlo mtamu. Hakuna linalogusa dini ya mtu, lakini ni vizuri ujue kabla, uamue mwenyewe. Yeye aliamua kuwasomea wanae na akawageuza mbuzi watatu, sasa sijui picha aliwaelezaje ila watoto wake walifurahi.

Kununua: nakala yangu ya kwanza nilinunua mtumba mjini, kwenye meza za vitabu, elfu kumi na mbili, kava zuri, ndani safi. Nimefika nyumbani nasoma mpaka polisi wanakuja, nafunua, hakuna peji. Peji ya mwisho ilikuwa imekatwa vizuri kabisa na kitu chenye makali, sio imechanika. Nilirudi, yule muuzaji akasema kavipokea hivyo kwenye belo na harudishi pesa. Inauma kwa sababu kwenye kitabu hiki peji ya mwisho ndo kila kitu, ndo pale mbwa mwitu yuko jela, ndevu zimekuwa ndefu, na bado ameshika kikombe anakuomba wewe msomaji sukari. Bila hiyo huna hadithi. Nakala ya pili nililetewa na dada mmoja aliyekuwa anarudi kutoka Uingereza, mpya, na ndo niliyosomea watoto. Kwa hiyo ukinunua mtumba fungua mwisho kwanza, hesabu na peji za katikati, usidanganywe na kava.

Nimesema kinunue na sijabadilisha, kwangu ni tisa kwa kumi. Ile moja ni kwa sababu hakijaweka hata nusu peji ya ile hadithi ya zamani kwa mtoto asiyeijua. Kwa watoto wa huko sawa, wanazaliwa nayo, lakini kitabu kimesafiri.

Vingine nilivyosoma vya aina hii nitapita haraka isipokuwa kimoja.

The Paper Bag Princess cha Robert Munsch, michoro ya Michael Martchenko, Canada, 1980. Hiki hakipindui hadithi moja, kinapindua zile zote za binti mfalme kuokolewa. Dragoni anachoma kasri na nguo zote za Elizabeth anambeba mchumba wake Ronald, binti anabaki na mfuko wa karatasi tu wa kuvaa, anamfuata dragoni na kumshinda kwa kumsifia: eti ni kweli unaweza kuchoma misitu kumi kwa pumzi yako ya moto? Dragoni anaonyesha, anasifiwa tena, anaonyesha tena mpaka moto umeisha na kazunguka dunia mara mbili kalala fofofo. Huyo si Sungura wetu kabisa? Anamshinda mwenye nguvu kwa kujua udhaifu wake ni sifa. Hiki hakihitaji maandalizi yoyote, kijana alikielewa mara ya kwanza kwa sababu ujanja ule anaujua kutoka kwa bibi yake. Munsch mwenyewe ameeleza kwamba alikuwa anafanya kazi kituo cha kulelea watoto, anasimulia hadithi za dragoni ambako mwanamume ndo anaokoa kila siku, mkewe akamuuliza kwanini binti asimuokoe mwanamume. Mwisho Ronald anamkosoa kwa uchafu wake, na Elizabeth anamwambia alivyo, na hawaoani. Binti yangu alishangilia. Kama una mtoto wa kike anza na hiki, hata kabla ya cha mbwa mwitu.

The Three Little Wolves and the Big Bad Pig, wa Eugene Trivizas, Mgiriki, michoro ya Helen Oxenbury, 1993. Mbwa mwitu watatu wadogo wapole na nguruwe mkubwa mbaya. Wao wanaanza na matofali, nguruwe anakuja na nyundo kubwa. Wanajenga ya zege, anakuja na ile mashine ya kuvunjia barabara. Wanajenga ya vyuma na seng'enge na makufuli, anakuja na baruti. Mwisho wanajenga ya maua, nguruwe anavuta pumzi apulize, anasikia harufu, roho inalainika anaanza kucheza. Michoro ni mizuri ajabu, hii ndo ya kumpa mtoto mdogo anayetaka rangi. Mimi kwa mtazamo wangu kinafurahisha zaidi katikati kuliko mwisho, lakini binti anataka mwisho tu, anataka tucheze na nguruwe.

Revolting Rhymes cha Roald Dahl na Quentin Blake, 1982, hadithi sita kwa mashairi, subirini. Kofia Nyekundu, yule binti anayekutana na mbwa mwitu njiani akienda kwa bibi yake, anatoa bastola anampiga mbwa mwitu na kujishonea koti la ngozi yake, na kwenye ile ya Cinderella mwana mfalme anakata watu vichwa. Kimeandikwa vizuri sana, vina vinatembea, lakini kuna lugha na damu ambayo mi kwa miaka saba sikuona ni sawa, na mashairi hayatafsiriki papo hapo, utapoteza kila kitu. Kumi na moja kumi na mbili huko, anayejua Kiingereza vizuri.

Na Pretty Salma wa Niki Daly, mchoraji wa Afrika Kusini, 2006, Kofia Nyekundu kahamishiwa Ghana. Salma anatumwa sokoni na bibi, njiani Bwana Mbwa anamlaghai vitu alivyovaa kimoja kimoja mpaka yeye ndo anaenda kwa bibi amevaa kama Salma. Hiki nilikisoma kwa rafiki yangu na nakitafuta mpaka leo. Hapa mtoto haulizi mbwa mwitu ni nini, soko analijua, kikapu anakijua, kutumwa anakujua. Na ile kazi ya kusimulia ya zamani kwanza inapungua, kwa sababu hata kama hajui Kofia Nyekundu, anajua kabisa kwamba hutakiwi kusimama njiani ukitumwa.

Wapo watakaosema kwanini tuwaharibie watoto hadithi za asili. Mi nasema hizo za asili zenyewe zimepinduliwa mara ngapi. Kofia Nyekundu ya Mfaransa Charles Perrault ya 1697 inaishia mtoto kaliwa, basi, hakuna wa kumtoa tumboni. Mwindaji wa kumpasua mbwa mwitu tumbo yuko kwa akina Grimm, wale ndugu wawili wa Ujerumani, 1812. Yule chura wao Grimm anayegeuka mwana mfalme wala habusiwi, binti mfalme anambamiza ukutani ndo anageuka. Na sisi pwani tulishafanya hivyo zamani. Mmisionari Mwingereza Edward Steere alipochapa hadithi za Waswahili wa Unguja mwaka 1870 aliweka ile ya Sultani Darai, maskini anachakura jaani anaokota thumuni, ananunua paa, paa anasema, paa anapeleka almasi kwa sultani akijidai ametumwa na bwana mkubwa, mpaka maskini anaoa binti wa sultani na kupata jumba la nyoka wa vichwa saba. Anayejua yule paka wa Perrault anayevaa buti ataona ni mifupa ileile. Ila kwa Perrault paka anaishia kuwa bwana mkubwa anakula raha, na kwetu paa anaugua, bwana wake anamdharau, anakufa, na bwana anaamka yuko jaani palepale anachakura. Nani kampindua nani hapo sijali, ninachojua ni kwamba wetu una moyo zaidi na ndo nataka watoto wangu waujue kwanza, ili siku mtu akiuandika kwa kuchekesha wacheke wakijua wanachekea nini.

Maana kumbe watoto hawasubiri waandishi. Siku ya nne tangu tumalize cha mbwa mwitu, umeme umekatika, tumekaa nje, kijana akasema anayo hadithi ya Fisi, ila Fisi mwenyewe ndo anasimulia. Wote tunaijua ile ya njia mbili zilimshinda fisi, kafika njia panda, harufu ya nyama huku na huku, tamaa ikamfanya ashike zote mguu huku mguu kule mpaka akapasuka. Sasa Fisi wa Korogwe anasema: hapana, mimi sikuwa na tamaa. Njia ya kulia kulikuwa na harusi ya binamu yangu, njia ya kushoto kulikuwa na msiba wa jirani, na wote walinialika kwa heshima, nikienda harusini watasema Fisi hana utu hajali misiba, nikienda msibani watasema Fisi anadharau ndugu zake. Mimi nilipasuka kwa ajili ya adabu. Na aliyeeneza maneno kwamba nilifuata nyama ni Sungura, ambaye hakwenda harusini wala msibani!

Binti yangu akauliza kama Fisi alichanga. Akasema ndio, kote kuwili.

Nilitamani mtu angekuwa anarekodi. Waandishi wetu na wachapishaji, tafadhali, hiki ndo kitabu ninachokisubiri, Fisi anayejitetea kwa Kiswahili, na mchoraji anayejua jaa la taka na njia panda ya vumbi linafananaje. Nitanunua nakala kumi siku ya kwanza niwape watoto wa ukoo mzima.

Likizo ilipoisha kijana aliomba kitabu, nikampa ile nakala ya mtumba isiyo na mwisho kwa sababu mpya binti hakukubali itoke. Juzi wifi yangu, mama yake, kanitumia picha kwenye simu. Kabandika karatasi ya daftari pale peji ilipokatwa, kaandika mwisho wake kwa penseli na kuchora. Mbwa mwitu yuko nyuma ya nondo na kikombe chake, na yule nguruwe wa tatu, wa nyumba ya matofali, amekuja siku ya kuwaona wafungwa, ameshika sukari robo imefungwa kwenye gazeti.

Anayejua Pretty Salma inapatikana wapi Dar, mpya au mtumba yenye peji zote, aniambie na bei.